Nani Amsemee Punda?



Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali darasani, nami siku ile sikuweza kulijibu. Tulikuwa tukisoma habari za mabunge ya nchi mbalimbali, nikawaeleza watoto ya kwamba huko Uholanzi kiko chama kidogo cha siasa kilichoundwa ili kuwatetea wanyama, nacho kimepata viti bungeni. Darasa zima likacheka. Kisha kijana huyo, ambaye baba yake hujipatia riziki kwa mkokoteni wa punda kati ya Holili na Taveta, akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, hao punda walipigaje kura?" Wakacheka tena, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini jioni, nilipokuwa nikirudi nyumbani, nilimkuta punda amesimama kando ya barabara na magunia ya vitunguu yangali juu ya mkokoteni, mwenyewe amekwenda kunywa chai. Mahali mkanda ulipopita begani palikuwa na kidonda kibichi, na nzi wamejaa. Swali la kijana likanirudia, wala halikuwa la kuchekesha tena.

Kwanza nieleze habari za chama chenyewe, maana wengine watadhani ni hadithi ya sungura na fisi. Jina lake kwa lugha ya kwao ni Partij voor de Dieren, yaani Chama cha Wanyama, nacho kilianzishwa mwaka 2002. Aliyekiongoza tangu mwanzo ni bibi mmoja mwanasheria, Marianne Thieme, naye ni Mkristo wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Katika uchaguzi wa Novemba 2006 chama hicho kilipata kura zisizofika 2 katika kila 100, lakini kikapewa viti 2 katika viti 150 vya Bunge lao. Sababu ni kwamba kwao viti hugawanywa kwa hesabu ya kura za nchi nzima, hata chama kidogo kilichotawanyika kila mahali kikapata chake. Hakikuwahi kuwapo chama cha wanyama kilichoingia katika Bunge la taifa lo lote kabla ya hicho. Mwaka 2021 kilipata viti 6, na mwaka 2023 vikapungua vikawa 3. Ureno nako kiko chama cha namna hiyo kiitwacho PAN, kilichopata kiti chake cha kwanza mwaka 2015.

Kwetu sisi mambo hayaendi hivyo. Kila jimbo la uchaguzi lina mbunge wake mmoja, naye ni yule aliyewapita wengine. Mwenye kura 2 katika kila 100 hurudi nyumbani kulima. Tena sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 yataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, Bara na Visiwani. Na ukimwambia mtu wa Rombo habari za chama cha kijani, atayakumbuka mashati ya Chama Cha Mapinduzi, wala hatafikiri habari za miti au punda! Ng'ambo ya mpaka, Wangari Maathai, yule mama wa miti aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alishiriki kuanzisha chama cha mazingira cha Kenya. Hata hivyo alipoingia bungeni mwaka 2002 aliingia kwa umoja mkubwa wa NARC, na katika uchaguzi wa Desemba 2007 hakurudi. Basi, kwa upande wetu huu wa Afrika, anayetaka kumsemea asiye na kinywa hana budi kutafuta njia nyingine. Lakini kabla ya kuitafuta njia yatupasa kuuliza kama iko haja ya safari.

Wenye elimu husema ya kwamba haki na wajibu ni ndugu wa tumbo moja. Asiye na wajibu hana haki. Punda hajui amri wala dhambi, hawezi kuahidi wala kutimiza ahadi; kwa hiyo hana haki yo yote, ila atendewe huruma kwa kadiri mwenyewe apendavyo. Niliiamini hoja hii miaka mingi. Lakini mtoto mchanga aliyelala mgongoni mwa mama yake ana wajibu gani? Na mzee aliyepotewa na fahamu, asiyewajua tena wanawe, ametuahidi nini? Hao hawana wajibu hata mmoja, na bado ole wake atakayewapiga. Sisemi ya kwamba punda ni sawa na mtoto. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, nami siukani ukweli huo kwa ajili ya mnyama ye yote. Nasema tu ya kwamba hoja ile haiwezi kusimama kwa miguu yake yenyewe, na mwenye kuitumia dhidi ya punda angeona haya kuitumia nyumbani kwake.

Tena kati ya huruma na haki pana tofauti kubwa. Huruma ni mali ya mtoaji; akiamka vibaya huiacha kitandani, na hakuna wa kumwuliza. Haki ni mali ya mpokeaji, hata kama hawezi kuidai kwa kinywa chake.

Maandiko je? Katika Torati, Kutoka 23, mtu ameamriwa amsaidie punda wa adui yake aliyelala chini ya mzigo wake. Angalieni, hakuambiwa ampende kwanza mwenye punda. Mgongo wa mnyama haungoji wenye ugomvi wapatane. Katika Kumbukumbu la Torati 25 ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa. Katika Hesabu 22 Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, na malaika alipoonekana, neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza habari za mapigo yale matatu. Habari za safari yake mbaya zilifuata baadaye. Na kitabu cha Yona chamalizika kwa Mungu kuwahesabu wanyama wa Ninawi pamoja na watu wake.

Nimewasikia wahubiri wakilichukua neno la mtume Paulo katika 1 Wakorintho 9 na kusema ya kwamba Mungu hana shauri na ng'ombe. Nawaomba radhi, lakini nadhani wamesoma kwa haraka. Paulo pale anatetea ujira wa mhubiri, naye anapanda kutoka jambo dogo kwenda jambo kubwa: ikiwa hata ng'ombe hula katika kazi yake, si zaidi mtu? Ukiiondoa haki ya ng'ombe, ngazi nzima yaanguka, na mhubiri yumo juu yake.

Sasa natoka katika vitabu, niende njiani. Sisi Waswahili wa pwani na bara tuna methali mbili juu ya punda, nazo zote mbili zimemtia hatiani. Ya kwanza ni ile isemayo shukrani ya punda ni mateke. Ya pili ni punda afe, mzigo wa tajiri ufike. Ile ya kwanza yatupa sababu ya kumtesa, na ile ya pili yatupa ruhusa. Lakini katika ile ya pili liko neno ambalo twalipita bila kulitazama, nalo ni tajiri. Mwenye punda si tajiri. Tajiri yuko mbali, na punda akifa hasara si yake. Nani basi aliyefaidika kwa kufa kwake?

Na tuseme habari za ngozi, maana hapo jambo hili hudhihirika. Huko China iko dawa iitwayo ejiao, itengenezwayo kwa kuchemsha ngozi za punda. Punda wa kwao walipopungua, wafanya biashara walizitafuta ngozi Afrika. Machinjio ya punda yakajengwa Kenya na kwetu Tanzania pia, Dodoma na Shinyanga. Mara punda wakaanza kuibwa usiku. Mama aliyelala ana punda wake wa maji aliamka akakuta kamba tupu, na ndoo ikarudi kichwani pake. Kelele zikapanda. Kenya ilipiga marufuku machinjio hayo mwaka 2020, ingawa mahakama iliiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania ikasimamisha uchinjaji wa punda mwaka 2022. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Hili ni jambo jema, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tulipime vizuri. Je, punda alisikilizwa kwa sababu aliumia? Sidhani. Alisikilizwa kwa sababu maumivu yake yalikuwa hasara ya mtu, na mtu ana kinywa. Mwenye punda na punda wake walilia siku moja, kwa hiyo kilio kikafika. Lakini yule niliyemkuta kando ya barabara na kidonda begani, maumivu yake si hasara ya mtu. Ni faida. Kila gunia linaloongezwa juu ya mkokoteni ni shilingi mfukoni mwa mwenyewe, naye mwenyewe ndiye mwamuzi wa gunia la mwisho. Mshitakiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Wenye kura ya wanyama kule Uholanzi, pamoja na mambo yao mengine ambayo siyakubali, waliliona jambo hili: ya kwamba mnyama anayehitaji kusemewa kuliko wote ni yule ambaye kuteseka kwake hakumpunguzii mtu kitu. Nchi yao ina kuku wapatao milioni 100 na nguruwe wapatao milioni 10, wafungiwao katika mabanda makubwa, na kila dhiki ya mnyama katika mabanda hayo hupunguza bei ya nyama dukani.

Labda msomaji atasema: hiyo ni kazi ya serikali, na serikali ina sheria. Ni kweli, inayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakiri ya kwamba mnyama ni kiumbe mwenye kuhisi, nayo yakataza kumtesa na kumbebesha kupita nguvu zake. Ni sheria nzuri, na nchi nyingi zenye fedha kuliko sisi hazikuwa na neno la namna hiyo wakati ule. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2017 pale Namanga, mpakani kama hapa petu, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walikamatwa, na kwa kuogopa mafua ya ndege wakateketezwa kwa moto. Magazeti yaliandika ya kwamba walichomwa wangali hai. Sisemi ya kwamba ugonjwa si kitu. Mtu aliyepoteza kuku wake wote kwa kideri ajua jinsi maradhi ya ndege yasivyo na mzaha, na serikali isiyolinda mpaka hailindi mifugo. Lakini kuua ni jambo moja, na namna ya kuua ni jambo jingine. Bidhaa za magendo huchomwa. Nao vifaranga, kwa kuwa walipita kwa njia ya magendo, wakahesabiwa kuwa bidhaa. Siku ile sheria ya magonjwa ilikuwa macho, na sheria ya ustawi ilikuwa imelala.

Basi, je, tuanzishe chama? Hapa nataka kusema polepole, maana iko sababu kubwa ya kutoharakisha.

Msomaji wa mbali apendaye wanyama mara nyingi humfikiria tembo kwanza. Sisi wa Holili na nchi ya chini ya Rombo humfikiria tembo usiku. Hutoka Tsavo upande wa Kenya, hana hati ya kusafiria wala haulizwi mpakani, na shamba la mahindi la miezi minne hulimaliza kabla ya jogoo wa pili. Wako waliouawa wakilinda mashamba yao kwa madebe na tochi. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kuwasaidia waliopatwa, nazo zilipotungwa ziliweka shilingi milioni 1 kwa jamaa ya aliyeuawa, na kwa mazao shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, tena si zaidi ya ekari 5. Fedha ya mazao huitwa kifuta jasho, na ile ya mtu aliyeumia au kufa huitwa kifuta machozi. Majina ni mazuri. Lakini mama mwenye watoto watano asiye na kitu ghalani hawezi kupika kitambaa cha kufutia machozi. Na anapoambiwa ya kwamba wako watu Ulaya wenye chama cha kuwatetea wanyama, huuliza mara moja, "Na chama cha kututetea sisi mbele ya wanyama kiko wapi?"

Swali lake ni la haki, nalo halina jibu la kejeli. Mara nyingi katika nchi zetu waliomsemea mnyama wamemsemea kwa gharama ya maskini: huyu alihamishwa kwa ajili ya mbuga, yule alinyimwa malisho, na mwenye kusema alikuwa amelala salama katika mji usio na tembo. Uholanzi yenyewe iliona jambo la namna hiyo. Mwaka 2011 chama kile kilileta sheria ya kwamba kila mnyama apotezwe fahamu kabla ya kuchinjwa, bila kuwaachia Waislamu na Wayahudi desturi ya dini yao. Bunge likaipitisha, na mwaka 2012 baraza la juu likaikataa. Mimi siwezi kusema ya kwamba walioileta walikuwa na chuki. Lakini nikifikiri majirani zangu Waislamu hapa Holili, ambao mkono wao ndio umechinja karibu kila nyama niliyonunua buchani maisha yangu yote, naona ya kwamba huruma hupita kwa wepesi sana inapogharimu dhamiri ya watu wachache, na hukwama inapofika penye kitoweo cha watu wengi. Mabanda ya nguruwe yapo hata leo.

Kwa hiyo mimi nasadiki nusu ya neno lao. Naamini ya kwamba mnyama ana haki hii: asipate mateso ambayo haja ya kweli ya mtu haiyadai. Sisemi asifanye kazi, wala sisemi asichinjwe. Mchagga asiyechinja mbuzi siku ya ukoo wake atakaa wapi? Lakini kwa kuwa mwenye haja daima huona haja yake ni ya kweli, hawezi kuachwa peke yake awe mpimaji. Panahitajika mtu wa tatu. Nami nasema ya kwamba mtu huyo wa tatu ni lazima alipe sehemu ya gharama, asije akawa anatoa sadaka ya kondoo wa jirani. Apendaye tembo wa Tsavo na anunue mahindi ya Rombo yaliyoliwa, kwa bei ya sokoni.

Nilipoanza kusema maneno haya kijijini, baada ya ibada, mama mmoja mtu mzima alinikatiza. Alikuwa na haki, kwa umri na kwa mgongo. Akasema, "Mwalimu, tangu nilipoolewa nimebeba nyasi na mabua kwa kichwa, kutoka huku chini hata juu kihambani, ili ng'ombe wa baba watoto ale amesimama bandani. Hakuna aliyeupima mzigo wangu. Leo wataka kupima wa punda?" Watu wakanyamaza kimya. Nami sikuwa na jibu, nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Nikakumbuka vita vilivyopita hapa petu. Februari 1916 walipigana Salaita, na Machi 1916 penye vilima vya Latema na Reata, ng'ambo ya mpaka kidogo tu. Siku mbili tatu baadaye Waingereza wakaingia Moshi. Majeshi yale yalikuja na farasi na nyumbu na ng'ombe wa kukokota, nao walipoingia katika nchi ya mbung'o wakafa kwa maelfu kwa nagana na maradhi ya farasi. Hakuna aliyewalilia, waliletwa wengine, wakafa na hao. Na wanyama walipokwisha, mizigo haikwisha. Ikawekwa vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, kwa njaa na kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, na jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Mgongo wa punda na kichwa cha mpagazi vilikuwa katika daftari moja.

Hivyo mama yule na punda hawashindani, ingawa yeye aliona hivyo na mimi nilikaribia kuona hivyo. Tazameni wapagazi wa mlimani siku hizi. Penye malango ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani, kilo 20 za mgeni zisizidi. Je, mizani ile ilishuka kutoka mbinguni? La. Kulikuwa na watu waliopiga kelele juu ya vijana waliokufa kwa baridi na kulemewa. Mpagazi mwenyewe hakuweza kuukataa mzigo, maana nyuma yake walisimama kumi wenye njaa waliokuwa tayari kuubeba. Ilihitajika mizani iliyoshikwa na mtu asiyekuwa mgeni wala mpagazi.

Na watu wa kwanza kuitaka mizani ya mnyama ni kina nani? Huko London, mwaka 1822, mbunge mmoja jina lake Richard Martin alipitisha sheria ya kuwakinga ng'ombe na wanyama wengine wa kazi wasiteswe. Wenzake walimcheka bungeni kama darasa langu lilivyocheka. Yasimuliwa ya kwamba alimshitaki mchuuzi mmoja aliyempiga punda wake, na punda mwenyewe akaletwa mahakamani ili majeraha yake yaonekane. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, nacho hakikuwa cha siasa. Aliyekianzisha alikuwa kasisi, Arthur Broome, naye akatiwa gerezani kwa madeni ya chama hicho. Pamoja naye alikuwapo William Wilberforce, yule aliyepigana miaka ishirini bungeni hata biashara ya watumwa ikakatazwa mwaka 1807. Mkono ule ule! Wala sioni ya kwamba huruma ya Wilberforce kwa punda ilimpunguzia huruma yake kwa mtumwa.

Hao hawakuwa na chama cha kupigania viti, wala sisi hatukihitaji. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo huwa na nguvu zikishapitishwa na mkutano wa kijiji na kukubaliwa na halmashauri ya wilaya. Nimeuliza wazee kama haiwezekani kijiji kiseme: magunia kadhaa kwa punda mmoja, na mengine kwa punda wawili, wala yasizidi, punda mwenye kidonda asifungwe mkanda mpaka apone, saa za jua kali la nchi hii ya chini apumzike mahali penye kivuli na maji. Faini iwe ndogo, na fedha yake inunue dawa ya vidonda. Mwenye punda maskini asiachwe peke yake wiki ile ambayo mnyama wake amepumzishwa. Wenye mikokoteni wachange, kama wachangavyo kwa msiba. Hapo mzigo wa huruma utagawanywa, usimwangukie mmoja.

Wengine walipinga, nami sikushangaa. Mmoja alisema ya kwamba matajiri wa vitunguu watapeleka mizigo yao kwa pikipiki za matairi matatu. Huenda ni kweli, na neno hilo lanisumbua. Maana punda asiye na kazi huuzwa, na auzwaye hatujui aendako. Mwingine akauliza nani atakayehesabu magunia alfajiri, wakati hata mwenyekiti amelala. Kijana wangu wa darasani, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, akasema kwa sauti ndogo ya kwamba yeye huamka saa kumi.

Baba yake hakumkemea. Alitazama chini muda mrefu, kisha akasema ya kwamba atakubali ikiwa na wenzake wote watakubali siku moja, maana akianza peke yake watoto wake watalala njaa ili punda wake alale vizuri.

Yule mama wa nyasi alikuwapo pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitenge chake, akasema ya kwamba yeye ataunyosha mkono wake mkutanoni kwa sharti moja: mizani itakapoletwa kijijini, mzigo wa kwanza kuwekwa juu yake uwe wa nyasi, na wanaume wote wa mkutano wauangalie.

Mkutano wa kijiji haujaitishwa bado. Mizani ya kuazima ipo kwa mnunuzi mmoja wa mahindi.